Mvua ya Jumatatu, Jumatano na Ijumaa

Shule yetu ina kanuni arobaini na mbili, na kwa nyakati tofauti nimezivunja zote isipokuwa ya kumi na nne. Hiyo niliitii kwa moyo wangu wote, na ndiyo iliyotuletea msiba.

Kanuni ya kumi na nne inasema: "Mbio za jioni zitafanyika kila Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, isipokuwa pale ambapo kipimamvua cha shule, kikisomwa saa tatu asubuhi, kitaonyesha milimita kumi au zaidi." Aliiandika Mkuu wa Shule mwenyewe, baada ya kuchoshwa na wanafunzi waliodai uwanja una matope ilhali matope yenyewe wameyatengeneza wao kwa ndoo. Mkuu hakuamini macho ya mwanafunzi, wala miguu yake, wala kikohozi chake. Aliamini namba. "Hisia si kipimo," alikuwa akisema, na maneno hayo yamechorwa kwa rangi ya buluu kwenye ukuta wa bwalo, juu kabisa ya sufuria la maharagwe, mahali ambapo hisia huwa nyingi.

Mbio zenyewe ni kilomita saba. Sitazieleza. Wapo wasomaji wenye mioyo dhaifu.

Kipimamvua kilikaa nyuma ya maabara, kwenye kipande cha majani kilichozungushiwa waya, hatua kumi kwa kumi. Ni mkebe wa shaba wenye mdomo wa faneli, na ndani yake kuna chupa. Maji ya chupa humiminwa kwenye bomba jembamba la kioo lenye mistari, unainama, unafumba jicho moja, unasoma. Mlinzi wake alikuwa mwalimu wa Jiografia, ambaye shule nzima ilimwita Wastani. Alipewa jina hilo kwa sababu hakuwahi kumpa mtu alama zaidi ya hamsini na tano wala chini ya arobaini na tano. Mimi niliwahi kukusanya karatasi tupu. Nilipata arobaini na nane. Pembeni aliandika: "Nadhifu."

Mimi nilikuwa kiranja wa hali ya hewa. Cheo hicho sikukiomba. Nilipewa kama adhabu, wakitumaini kwamba kukaa karibu na mtu mpole kungenitia upole. Cheo kilikuja na ufunguo wa lango la waya. Mpe fisi ufunguo wa bucha, kisha ukalale.

Basi, kila mwaka msimu wa mvua ulipokaribia, Wastani alibandika kwenye ubao wa matangazo utabiri wake mwenyewe wa kanda nzima. Utabiri wa msimu si ule wa kesho kutanyesha au hakutanyesha. Unatazama miezi mitatu kwa mkupuo, na una majibu matatu tu: mvua zitakuwa juu ya wastani, zitakuwa za wastani, au zitakuwa chini ya wastani. Wastani alikuwa na madaftari kumi na moja, hesabu za upepo wa saa sita mchana, na grafu moja iliyoanza karibu na dirisha la darasa lake, ikazunguka ukuta, ikapita juu ya mlango na kurudi dirishani. Nakala ya utabiri aliituma kwa posta, pamoja na vipimo vya mvua vya kila mwezi, kwenye Ofisi ya Hali ya Hewa. Hawakuwahi kumjibu. Na kwa misimu kumi na mmoja mfululizo, hakuwahi kupatia.

"Mwalimu," Mkuu alimwambia mbele ya walimu wote, "ukikosea mara ya kumi na mbili, ule uwanja wako nauvunja, najenga banda la kuku. Na wewe ndiye utakuwa mlezi wao."

Hakuwa akitania. Vifaranga arobaini walishanunuliwa. Walikaa kwenye boksi chini ya meza ya Wastani, kwenye chumba cha walimu, wakingoja akosee. Kila alipofungua daftari, walilia.

Msimu huo Wastani alikaa na hesabu zake wiki tatu, akatoka na karatasi yenye maneno matatu: "CHINI YA WASTANI." Kisha akaongeza nukta kubwa, kama msumari.

Mkuu alipoisoma, alifurahi mno. "Wastani kasema ukame!" akapiga kelele. "Pandeni maharagwe shamba zima! Pandeni hadi kwenye goli!"

Ofisi ya Hali ya Hewa nayo ilitoa utabiri wake siku chache baadaye: uwezekano wa asilimia arobaini na tano mvua za juu ya wastani, asilimia thelathini za wastani, asilimia ishirini na tano za chini ya wastani. Ni kama shemeji anayekuambia huenda akaja leo, huenda kesho, na asipokuja usishangae. Utamshika wapi?

Sasa nifike kwenye dhambi.

Mimi nina rafiki anayeitwa Askofu, kwa sababu husali kabla ya kila ovu na kushukuru baada yake. Wiki ya kwanza ya msimu mbingu zilikuwa safi kama sahani ya mgonjwa. Jumatatu, wakati wa mapumziko mafupi kabla ya saa tatu, Askofu alimsimamisha Wastani kwenye korido na kumuuliza mawingu yana uzito gani. Ni swali lenye majibu marefu. Mimi nikapita nyuma ya maabara, nikafungua lango, nikamimina kikombe kimoja cha maji kwenye faneli.

Wastani alikuja, akainama, akafumba jicho. Akafumbua. Akafumba la pili.

"Ishirini na nne," alisema kwa sauti ya mtu aliyeona malaika. "Andika, kiranja. Milimita ishirini na nne."

"Mwalimu," nikasema, maana hata mimi nina mipaka, "mbona ardhi ni kavu?"

"Ardhi hunywa, mwanangu. Ilikuwa na kiu."

Jioni hiyo hakukuwa na mbio. Wanafunzi mia sita walikaa kivulini, vumbi likipita mbele yao, wakiheshimu matope.

Hapo tulijifunza sayansi. Kikombe kizima ni gharika. Nusu kikombe kasoro kidogo ni milimita kumi na ushee. Tuliweka alama kwa kisu kwenye kikombe cha plastiki, na tangu siku hiyo tukawa watu wa kuaminika kuliko mbingu. Haba na haba hujaza kibaba. Wahenga wanasema dalili ya mvua ni mawingu. Shuleni kwetu dalili ya mvua ilikuwa Jumatatu.

Tuliteleza mara moja tu. Jumatano moja bomba la maji lilikauka, na nilichokuwa nacho mkononi ni chai ya asubuhi iliyobaki. Nikajiambia chai ni maji yenye elimu, nikamimina.

Wastani aliinua kioo kwenye mwanga. "Kahawia," akasema. Akanusa. "Hili ni vumbi la jangwani. Limesafiri maelfu ya kilomita." Kisha akachovya ncha ya kidole na kuonja. Nilimwomba Mungu anichukue palepale. "Tamu kidogo," akasema, na uso wake ukajaa maswali. Siku ya pili sisimizi walikuwa wamejipanga kwenye mguu wa kipimamvua kama wanaongoja kutibiwa. Wastani aliwahesabu, akaiandikia Ofisi ya Hali ya Hewa barua ya kurasa nne kuhusu mvua yenye sukari.

Lakini lililonikata maini ni jingine. Mwezi wa pili wa msimu alinionyesha daftari, macho yanang'aa.

"Tazama. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Jumatatu, Jumatano, Ijumaa. Jumamosi hainyeshi. Jumapili hainyeshi. Kiranja, mbingu zina ratiba! Nauita Mzunguko wa Siku Saba. Hakuna aliyewahi kuuona, dunia nzima."

"Huenda wengine hawakutazama vizuri, Mwalimu," nikasema.

"Ndiyo maana nakupenda," akanijibu. "Unafikiri."

Msimu ukaisha. Wastani alijumlisha mara tatu, akiloweka ncha ya penseli mdomoni. Milimita mia nne ishirini na moja. Wastani wa miaka mingi ni mia tatu. Juu ya wastani, tena juu sana.

Alikaa kwenye benchi. Hakusema kipimamvua kimedanganya. Hilo halikumpitia akilini, kama ambavyo wewe haikupitii kwamba mama yako ni mwanasesere. "Basi nimekosea," alisema. "Mara ya kumi na mbili."

Kwenye chumba cha walimu vifaranga, ambao sasa walikuwa kuku wadogo wenye hasira, walilia.

Mkuu alikuja asubuhi iliyofuata na futi ya kupimia, akapima uwanja wa Wastani kwa upana na urefu, akichora kwa mguu mahali pa viota. Nyuma yake shamba la maharagwe lilikuwa limesimama kama fagio zilizochomekwa ardhini.

"Mkuu," aliuliza mpishi, "maharagwe mbona yamekufa?"

"Mvua nyingi," Mkuu akasema. "Yameoza."

Mpishi alivunja shina moja. Lilitoa mlio kama biskuti. "Yameoza kwa ukavu?"

"Soma namba, Mpishi. Hisia si kipimo."

Huenda mambo yangeishia hapo, mimi nikaponyoka kama kawaida yangu, lakini siku mbili baadaye gari jeupe liliingia getini likiwa limebeba Kamati ya Kupima Usahihi wa Utabiri wa Msimu. Jina hilo lilikuwa limeandikwa mlangoni, likageuka kona na kumalizikia kwenye buti. Walishuka watu wawili. Walivaa viatu vya mpira hadi magotini na makoti ya mvua, maana walikuwa wamesoma taarifa zetu. Walisimama kwenye vumbi, wakatazamana.

Wa kwanza alikuwa karani mwenye mafaili. Wa pili, mwenyekiti, alivua kofia ya mvua. Alikuwa mama mdogo wangu, mdogo wake mama, tumbo moja.

Nilijua anafanya kazi ya kupima mvua. Sikujua anapima waongo. Aliniona papo hapo.

"Wewe! Njoo hapa. Mbona umekonda? Mama yako kasema simu hupigi. Hizo soksi ni za rangi mbili?"

"Shikamoo, mama mdogo."

"Marahaba. Hali ya hewa ya hapa ikoje?"

"Inategemea siku," nikasema, na nikaona Askofu, pembeni, akifanya ishara ya kuniaga duniani.

Kikao kilikaa kwenye darasa la Jiografia, chini ya ile grafu. Wastani alivaa tai. Mkuu alikaa mbele, mikono kifuani, kama baba wa bwana harusi. Mimi niliitwa kama kiranja kushika daftari la vipimo.

Mama mdogo alieleza kazi yao kwa upole. Utabiri wa asilimia, alisema, haupimwi mmoja mmoja. "Ukisema asilimia arobaini kwa misimu kumi, jambo lazima litokee mara nne hivi. Likitokea mara kumi, umekosea pia, hata kama watu wanakupigia makofi."

"Sasa anayesema neno moja tu, bila asilimia?" Mkuu akauliza, akimtazama Wastani kwa pembe ya jicho. "Kama huyu wetu?"

"Huyo ni rahisi. Amepatia au amekosea." Mama mdogo akafungua faili nene. "Na hapo ndipo nataka kusema jambo. Mwalimu, sisi tunakufahamu."

Wastani akainua kichwa. "Mlipata barua zangu?"

"Zote. Tunazisubiri kwa hamu kila msimu. Mwalimu, majibu ni matatu. Mtu akifumba macho na kubahatisha, katika misimu kumi na mmoja atapatia kama mara tatu au nne. Wewe hukupatia hata mara moja. Hicho ni kitu adimu sana. Hicho ni kipaji."

"Asante," Wastani akasema, bila uhakika.

"Mtu anayekosea kila mara ni hazina. Yeye akisema chini, unajua chini haiko. Kwa hiyo, kwa miaka sita sasa, Ofisi yetu ikishamaliza hesabu zake za kompyuta, huwa tunafungua barua yako na kugeuza ulichosema."

Nje, jogoo mdogo alijaribu kuwika, akashindwa katikati.

"Mnanigeuza," Wastani akasema taratibu.

"Kama shati la ndani."

"Mimi mwenyewe nilimgeuza," Mkuu akaongeza kwa fahari. "Kwa maharagwe."

"Msimu huu," mama mdogo aliendelea, na sauti ikapungua, "tuligeuza kama kawaida. Ulisema chini, tukasema juu. Tuna vituo kumi na saba kwenye kanda hii. Kumi na sita vimekauka. Mifugo imehamishwa. Simu ya ofisi tumeichomoa. Kituo kimoja tu kimeleta mvua za juu ya wastani, nacho ni hiki. Mwalimu, tumekuja kukuomba uthibitisho kwamba bado unakosea."

Wastani aliinuka. Alikwenda ukutani, akaanza kung'oa pini za grafu, moja moja, akiziweka kwenye mfuko wa shati. "Namba ni namba," alisema akiwa ametupa mgongo. "Mia nne ishirini na moja. Nimekosea. Uwanja ni wa kuku." Kisha akachukua kile kipimamvua, ambacho alikuwa ameking'oa asubuhi hiyo ili kisije kikachafuliwa na ujenzi, akakifunga kwenye sweta lake kama mtoto anayetoka hospitali.

Nami nina dhamiri. Nilidhani niliisahau nyumbani pamoja na ile soksi ya pili, kumbe ilikuwa humu humu. Iliniuma kama jino.

"Mwalimu," nikasema. "Hiyo mvua ni mimi."

Hakuna aliyenielewa.

"Nilikuwa namimina. Kwa kikombe. Ili tusikimbie mbio za jioni. Mvua yote ya Jumatatu, Jumatano na Ijumaa. Na ile ya sukari, Mwalimu. Ile ilikuwa chai."

Mama mdogo aliweka kalamu mezani. "Mtoto wa dada yangu," alisema, kila neno peke yake.

"Ndiyo, mama mdogo."

"Umeharibu takwimu za nchi kwa kikombe cha chai?"

"Chai ilikuwa mara moja tu. Nyingine ni maji safi."

Mkuu alikuwa amesimama, mdomo wazi, hajui aanze na kanuni ipi. Karani ndiye aliyeokoa muda. Alipekua kijitabu kidogo na kukohoa. "Mwenyekiti, shahidi ni ndugu yako. Kwa utaratibu, ushahidi wa ndugu hauandikwi. Huyu, kitaratibu, hajasema kitu."

"Lakini nimesema!"

"Nimesikia. Siandiki."

Kwa hiyo ilibidi aitwe Askofu. Hakuwa mbali, alikuwa ameweka sikio kwenye tundu la ufunguo, na mlango ulipofunguliwa aliingia kichwa kwanza. Alipoulizwa, alitoa mfukoni kijidaftari chenye jalada jeusi.

"Kila siku niliandika," alisema kwa unyenyekevu wa kutisha. "Tarehe na kosa. Nilikuwa nangoja yafike hamsini, nikaungame kwa jumla."

"Yamefika mangapi?"

"Thelathini na sita."

Siku za mwizi ni arobaini. Sisi hata hizo hatukuzifikisha.

Wastani alikaa, akafungua daftari lake upande mmoja na kijidaftari cha dhambi upande mwingine, akaanza kulinganisha tarehe. Kisha akanyoosha mkono bila kunitazama. "Kikombe."

Nilikitoa kwenye begi. Aliitazama ile alama ya kisu, kisha akakitoa kipimamvua kwenye sweta.

"Mimina kama ulivyokuwa ukimimina."

Nilimimina. Alisoma. Akayamwaga, akaniamuru tena. Mara ya tatu kioo kilisema kilekile.

"Kumi na nukta mbili. Kumi na nukta moja. Kumi na nukta mbili," alisema, na kwa mara ya kwanza maishani nilisikia sifa ya kweli kutoka kwa mwalimu. "Una mkono mzuri, mshenzi wewe."

Akatoa. Mia nne ishirini na moja, toa mia tatu themanini za kikombe. Zilibaki arobaini na moja: mvua nne halisi, tatu zikiwa zimeangukia siku za mbio kwa bahati tu. Alipofika kwenye ukurasa wenye kichwa cha habari "Mzunguko wa Siku Saba", aliutazama kwa muda. Kisha akaukata kwa mstari mmoja wa rula, kwa heshima, kama mtu anayefunika uso wa marehemu. Hapo ndipo nilipotamani anichape.

"Arobaini na moja," alisema. "Wastani ni mia tatu." Akaipigia mstari ile arobaini na moja. "Hiyo ni chini ya wastani."

"Chini sana," karani akasema.

"Kwa hiyo mimi..."

"Ngoja kwanza," mama mdogo akamkatiza haraka. Alikuwa ameshavuta fomu. "Kituo kimeingiliwa na watu. Vipimo vyake vyote havifai. Fomu ina visanduku vitatu: Sahihi, Si Sahihi, na Haikupimika. Hapa naweka Haikupimika." Akamwinamia Wastani na kunong'ona, lakini darasa ni dogo. "Mwalimu, ni kwa faida yako pia. Haikupimika si kosa. Mkuu hawezi kukuvunjia uwanja. Na sisi tutaendelea kukutumia. Kaa vilevile ulivyo. Tunakuhitaji ukosee."

Mkuu alikuna kidevu. "Haikupimika... hapo kuku wangu wanakaaje?"

"Wanakaa boksini," karani akasema.

Mtu mwingine angeshukuru na kwenda zake. Uwanja ungebaki, sweta lingevaliwa, na mimi ningeadhibiwa nusu. Wastani alisimama. Sijawahi kumwona akisimama namna ile. Tai ilikuwa imepinda na mfuko umejaa pini.

"Mama," alisema, "utabiri wangu uliandikwa kwa ajili ya nini?"

"Msimu."

"Wa wapi? Soma."

Mama mdogo alitafuta ile barua kwenye faili. Ilikuwa na muhuri wa posta na alama ya chai, ambayo naapa haikuwa yetu. Akasoma kwa shida: "Kwa... kanda nzima."

"Kanda ina vituo vingapi?"

"Kumi na saba."

"Changu kifute. Kina chai. Vinabaki vingapi?"

"Kumi na sita."

"Na vyote kumi na sita vimesemaje? Soma, Mama. Ni karatasi yako, mimi hata sijaigusa."

Mama mdogo hakusoma. Alimtazama karani, na karani akatazama viatu vyake vya mpira. Nilimwonea huruma mama mdogo: kwa miaka sita alikuwa na dira inayoelekeza kusini bila kukosa, na sasa dira imesimama mbele yake imevaa tai, inataka kutambuliwa kwamba imeona kaskazini.

"Ukiandika Sahihi," alisema taratibu, "hatutajua tena tukufanye nini. Msimu ujao barua yako ikija, tuiamini au tuigeuze?"

"Hilo ni tatizo la Ofisi," Wastani akasema. "Mimi nimekosea kwa bidii miaka yote hiyo, na kila kosa mliliandika. Leo siombi upendeleo. Naomba muandike."

Mama mdogo alifuta kile kisanduku cha tatu. Kalamu ilikwama kidogo juu ya cha kwanza, kisha ikashuka. Karani akagonga muhuri, meza ikatikisika.

Mkuu aligeuka kwangu wakati huo, maana hasira iliyokosa banda hutafuta pa kulala. "Mbio thelathini na sita!" alinguruma. "Kila siku moja, pamoja na Jumapili! Na kwa kuwa shule nzima haikukimbia, shule nzima itakimbia! Na huyu ndiye atakayewatangazia!" Nje ya dirisha nyuso kama mia moja, zilizokuwa zimebandikwa kwenye kioo kwa upelelezi, ziliniangalia zote kwa pamoja. Tangu siku hiyo nalala na viatu.

Lakini Wastani hakuwa anatusikiliza. Alikuwa bado amemkabili mama mdogo, amekumbatia sweta lenye kipimamvua.

"Mmeandika," alisema. "Sasa nisomeeni."

"Mwalimu, fomu utaipata kwa posta."

"Posta najua ilivyo. Nisomeeni hapa."

Mama mdogo aliinua fomu. "Utabiri wa msimu wa mwalimu wa Jiografia... ni sahihi."

"Bila fomu. Kwa maneno ya kawaida."

"Umepatia, Mwalimu."

Wastani alifumba jicho moja, kama anasoma kioo.

"Rudia, Mama," alisema. "Mkuu anajifanya hasikii."